Mauaji, uchawi na wanawake wawili wanaopendana: riwaya ipi ununue kwanza

Riwaya ya aina hii ipime kwa fumbo kwanza, mapenzi baadaye. Palipo na uchawi, mwandishi mvivu hakosi pa kutorokea: maiti imekutwa chumbani, mlango umefungwa kwa ndani, kumbe muuaji alipenya ukutani kwa nguvu ambazo hatukuwahi kutajiwa. Huo ni utapeli. Uchawi uwe na mipaka, nasi tuijue mapema. Mpenzi naye awe na cha kuficha, la sivyo penzi linabaki pambo tu.

Ya kwanza kwangu, tena kwa mbali, ni Gideon the Ninth ya Tamsyn Muir (2019). Wachawi wanaotawala mifupa na maiti wanaitwa kwenye kasri lililochakaa, pamoja na walinzi wao wa upanga, kuwania cheo kikubwa kwa mfalme wao. Mara wanaanza kuuawa. Gideon ndiye mlinzi wa Harrow, na wawili hao wamechukiana tangu utotoni. Anayetaka mabusu atangoja sana. Hapa penzi limejificha ndani ya matusi. Majina ni mengi na yanachanganya, ndiyo maana orodha ya wahusika imewekwa mwanzoni. Kwa hiyo nunua cha karatasi. Kitabu cha sauti kilichosomwa na Moira Quirk ni kitamu, maana kila mhusika kampa sauti yake, lakini ukimsahau mshukiwa huna ukurasa wa kufunua. Wala usibebe mfululizo mzima kwa mkupuo: cha pili, Harrow the Ninth (2020), kwa sehemu kubwa kinamsimulia mhusika mkuu kama “wewe”, na kinakuchanganya kwa makusudi. Wapo wanaokiabudu, wapo waliokitupa.

Kama huna muda, au unataka penzi lililokwisha kukomaa, chukua Even Though I Knew the End ya C. L. Polk (2022). Ni Chicago ya mwaka 1941. Helen, mpelelezi mchawi, aliuza roho yake na sasa amebakiza siku chache. Akimpata muuaji anayetisha jiji, atarudishiwa roho hiyo na kuishi na mpenzi wake Edith. Edith naye ana siri yake. Ni riwaya fupi, ilishinda Nebula, tuzo ya Marekani ya hadithi za sayansi na uchawi, katika kundi la riwaya fupi, na inaisha palepale bila kukudai juzuu la pili. Fumbo lake ni jepesi kuliko la Gideon, ndiyo maana iko nafasi ya pili.

Mfuko ukiwa mtupu, ipo Carmilla ya Sheridan Le Fanu, ya 1872. Haki zake zimekwisha muda, na Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, wanaitoa bure. Wasichana wa vijijini wanakufa, Laura anadhoofika, na mgeni mrembo hataki kumwachia mkono. Angalia sana herufi za jina la mgeni huyo. Ukipata toleo lenye utangulizi wa mhariri, uruke. Kwa kawaida humtaja mhalifu kabla hujafika sura ya kwanza.