Union Version mimbarani: Biblia ya kusomwa kwa sauti

Mhubiri anayetafuta Biblia moja ya kusoma mbele ya usharika achukue Union Version ya 1952. Tafsiri hii iliunganisha juhudi za Unguja na za Mombasa, na Kiswahili chake kina mwendo. Soma polepole 1 Wakorintho 13:1: “shaba iliayo na upatu uvumao.” Iliayo, uvumao. Maneno yenyewe yanalia. Biblia ya Habari Njema, tafsiri ya Kiswahili cha kisasa, inaeleweka upesi zaidi, lakini hapa mvumo huu hauna mshindani.

Shida ni kwamba baadhi ya maneno yamehama. Upatu wa Paulo ni chombo cha kugongwa. Muumini wa Dar es Salaam anawaza mchezo wa kupokezana fedha. Mithali 31:10 inasema kima cha mke mwema “chapita kima cha marijani”. Kima hapo ni thamani, ila vijana wanasikia nyama ya kusaga, au mnyama wa mwituni. Mhubiri asiyejua hilo atashangaa minong'ono ya viti vya nyuma, na hoja yake itakuwa imepotea kabla haijaanza.

Kwa hiyo Biblia hii inadai maandalizi. Siku tatu kabla, soma somo lote kwa sauti mara tatu. Katika usomaji wa pili, pigia mstari kila neno ambalo mwanafunzi wa kidato cha pili hatumii, kisha ulinganishe na Habari Njema. Chagua mawili tu, uyaeleze kabla ya kusoma, sentensi moja kwa kila neno. Wengi hueleza katikati ya mstari, na hapo ndipo uzuri wote unapomwagika. Usishushe sauti mwishoni mwa sentensi pia: Kiswahili huweka mzigo mkubwa huko.

Nunua chapa ya maandishi makubwa. Ifungue Mwanzo, kisha Ufunuo. Isipolala wazi bila kushikwa, itakusumbua mimbarani.

Jambo moja haliwezi kutatuliwa na chapa yoyote. Zaburi 110:1 inasema “Neno la BWANA kwa Bwana wangu”, na sikio halioni herufi kubwa. Sema wazi: wa kwanza ni Yahwe, yaani Mungu, wa pili ni mkuu ambaye Daudi anamheshimu. Bila hivyo, swali la Yesu katika Mathayo 22:45, kwamba ikiwa Daudi anamwita Bwana, amekuwaje ni mwanawe, halitaeleweka na aliyekaa bila Biblia mkononi.