Mashine ndogo ya moshi kwa turbo ya zamani: inafaa, ila ijue mipaka yake

Gari la zamani lenye turbo (pampu inayozungushwa na moshi wa ekzosi kusukuma hewa ndani ya injini) likianza kupandisha na kushusha sailensi (mizunguko ya injini bila kukanyaga pedeli) lenyewe, wengi hununua kwanza vali ya sailensi, kisha sensa ya hewa, kisha plagi mpya. Fedha inaisha, na injini bado inacheza kati ya mizunguko 900 na 1,500 kwa dakika bila mtu kugusa pedeli. Kifaa tunachokipitia hapa ndicho kilipaswa kutangulia: mashine ndogo ya moshi ya volti 12, yenye pampu yake ndani, geji ya presha, hosi moja na vizibo vya mpira. Huuzwa kwa majina mengi, lakini ndani ni kitu kile kile. Koili ya moto hukaanga oili nyepesi isiyo na harufu, na pampu husukuma moshi wake kwenye njia ya hewa ya injini huku injini ikiwa imezimwa. Kwa turbo ya zamani tunaipa nafasi ya kwanza kati ya vifaa vya kutafutia ubovu wa sailensi, mbele hata ya skana (kifaa cha kusoma kompyuta ya gari).

Sababu iko kwenye urefu wa njia ya hewa. Hewa hupita kwenye kichujio, sensa, mpira mkubwa wa kuingia kwenye turbo, bomba la kwenda intakula (kipoza hewa), intakula yenyewe, bomba la kurudi, throtoli (mlango wa hewa unaofunguliwa na pedeli), ndipo ifike kwenye manifoldi (bomba linalogawa hewa kwa silinda). Kila kiungo kina mpira na klampu. Ongeza vali ya kutolea presha, mipira ya kupumulia injini, mpira wa busta ya breki (kisaidizi cha kukanyaga breki) na vimipira vidogo vya vakyumu (mvuto wa hewa wa injini). Vyote vimepikwa na joto la ekzosi kwa miaka ishirini au zaidi. Mpira wa namna hiyo huwa mzima ukiutazama kwa juu na umepasuka upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki.

Mahali panapovuja ndipo panapoamua dalili. Penye uvujaji baada ya throtoli, vakyumu ya sailensi huvuta hewa ambayo sensa haikuipima; mchanganyiko unakosa mafuta na sailensi inapanda au inayumba. Uvujaji kati ya sensa na turbo huingiza hewa isiyopimwa wakati wote. Uvujaji kati ya turbo na throtoli hauonekani sana kwenye sailensi, kwa sababu pale presha iko karibu sawa na ya nje. Lakini ukikanyaga, hewa iliyokwisha kupimwa inatoroka, mafuta yanazidi na moshi mweusi unatoka. Hayo ni kwa magari yenye sensa inayopima kiasi cha hewa. Yale yanayosoma presha ya manifoldi huona presha halisi na kuongeza mafuta ipasavyo, kwa hiyo uvujaji baada ya throtoli huyapa sailensi ya juu iliyotulia badala ya kuyumba.

Ule mchezo wa kupanda na kushuka kwa mpangilio nao una maelezo yake. Hewa ya ziada inapandisha mizunguko. Kompyuta inaona throtoli imefungwa huku mizunguko ikiwa mingi, inadhani gari linateremka mlima, inakata mafuta. Mizunguko inashuka, mafuta yanarudishwa, injini inapanda tena. Vali mpya ya sailensi haiwezi kulimaliza hilo, maana hewa haipiti kwenye vali.

Sasa matumizi, na hapa ndipo maelekezo ya kwenye boksi hayatoshi kwa gari la turbo. Acha injini ipoe kiasi cha kushikika. Fungua sensa ya hewa uiweke kando kabisa. Moshi wa oili ukipita juu ya waya wake utaacha utando, nawe utakuwa umeongeza ubovu wa pili. Ziba mdomo wa mpira pale sensa ilipokaa kwa kizibo kikubwa. Ingiza moshi kwenye mpira wa busta ya breki upande wa manifoldi, kabla ya vali yake ya njia moja, kwa sababu ukiingiza upande wa pili moshi hautafika popote. Kama throtoli ni ya kebo, iegeshe wazi kidogo kwa kipande cha plastiki ili moshi urudi nyuma hadi intakula na turbo.

Weka oili hadi kwenye alama, usizidishe. Ikizidi, pampu hurusha matone ya oili badala ya moshi. Tumia betri iliyochajiwa vizuri, kwani betri dhaifu hutoa moshi mwembamba unaokosa kuonekana. Fungua kizibo kidogo upande wa mbali hadi uone moshi ukitoka, kisha ukizibe. Kabla ya hapo bado unasukuma hewa safi, na watu wengi hukata tamaa katika hatua hiyo. Presha isizidi 0.1 bar. Zima feni, funga milango ya gereji, na tumia tochi yenye mwanga mkali ukiimulika kutoka pembeni. Subiri dakika tano nzima kabla ya kusema hakuna kitu.

Pa kutazama kwanza, kwa mpangilio wa uwezekano: sehemu ya chini ya mpira wa kuingia turbo kwenye mikunjo yake, vifuniko vidogo vya mpira kwenye matundu ya vakyumu yasiyotumika, oringi za nozeli, gasketi ya manifoldi, ekseli ya throtoli pande zote mbili, gasketi ya vali ya sailensi, na vali ya kutolea presha. Hiyo ya mwisho izibie mdomo wake wa kutokea uone. Vali iliyobadilishwa na kuwekwa ya kutoa hewa nje, yenye springi laini, mara nyingi hubaki imefunguka kidogo injini ikiwa kwenye sailensi, kwa kuwa vakyumu inaivuta. Gari lenye sensa ya hewa likiwekewa vali hiyo huzima ukiachia pedeli ghafla, na hakuna marekebisho ya skrubu yatakayoliponya. Rudisha ile inayorejesha hewa kwenye mpira wa kuingia turbo.

Usisahau upande wa oili. Kwa kuwa injini nyingi hizi huvuta mvuke wa oili kuupeleka kwenye njia ya hewa, moshi utajaza hadi ndani ya injini. Ukitokea kwenye kijiti cha kupimia oili, mfuniko wa oili au gasketi ya kava ya vali, huo ni uvujaji unaohesabika kama mwingine wowote. Vali ya kupumulia injini iking'ang'ania wazi ni mbaya zaidi kwenye turbo: kwenye sailensi inapitisha hewa nyingi, na turbo ikisukuma, presha inaingia kwenye injini na kutoa oili kupitia sili. Itoe na uipulize kwa mdomo kupitia hosi safi. Lazima ifunge upande wa kutoka manifoldi.

Mashine hii huweza kudanganya kwa njia mbili. Moshi kutoka kwenye bomba la ekzosi si lazima uwe ubovu. Silinda moja ikisimama pale ambapo vali ya kuingiza na ya kutoa zote zimefunguka kidogo, moshi hupita moja kwa moja. Zungusha krenki robo mzunguko kwa spana, kuelekea upande wake wa kawaida, gia ikiwa huru, kisha tazama tena. Njia ya pili: moshi husafiri. Unaouona juu ya injini unaweza kuwa umetoka chini na kupanda kupitia uwazi ulio karibu. Gusa kila kiungo kwa kidole kabla hujaagiza kipuri.

Tukilinganisha na njia ya zamani ya kupuliza spreyi ya kusafishia kabureta huku injini ikiunguruma na kusikiliza mizunguko ikibadilika, hatupendekezi hata kidogo kupulizia kitu kinachoshika moto jirani na turbo na manifoldi ya ekzosi zenye joto kali. Spreyi za breki zenye klorini zina hatari ya pili, kwa sababu zikiungua hutoa gesi ya sumu. Kwa sababu hiyo pekee mashine ya moshi imestahili kununuliwa.

Udhaifu wake mkubwa ni presha ndogo. Mpira unaofunguka turbo inaposukuma 0.7 bar hauwezi kujionyesha kwa 0.1 bar. Hapo unahitaji kizibo cha kupachika kwenye mdomo wa turbo, chenye vali ya tairi na rejuleta ya kompresa. Anza na 0.2 bar, panda taratibu hadi karibu na presha ambayo gari hutumia, usiipite, na upulize maji ya sabuni kwenye viungo. Toa na uzibe mpira wa kupumulia injini kwanza, la sivyo unapeleka presha yote hiyo kwenye sili za oili. Zipo mashine kubwa za moshi zinazofikia bar 1, lakini kwa gari moja la nyumbani mashine ndogo pamoja na kizibo hicho vinatosha kabisa.

Kuna mengine ambayo moshi haugusi, na skana au mita ndiyo huyaona. Kama gari lina OBD2 (soketi ya kusomea kompyuta), soma marekebisho ya mafuta (kiasi ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza): yakiwa juu ya asilimia 10 kwenye sailensi na kushuka ukishikilia mizunguko 2,500, hewa inavuja, yakipanda kadiri unavyokanyaga, tafuta pampu ya mafuta, kichujio au sensa ya hewa. Sensa ya joto la maji ya kawaida huwa na ukinzani wa omu kama 2,500 kwenye nyuzi 20 na karibu 300 kwenye nyuzi 80. Ikikaa juu injini ikiwa moto, kompyuta itaendelea kumwaga mafuta kana kwamba ni asubuhi. Chomoa mpira wa vakyumu wa rejuleta ya mafuta: ukiwa na petroli ndani, diaframu imepasuka. Plagi za turbo kwa kawaida huachwa na nafasi ya milimita 0.7 hadi 0.8, zikibanwa zaidi ya hapo, sailensi hukosa utulivu.

Geji ya vakyumu nayo ni ya bei ndogo na inafaa kuwekwa pembeni mwa mashine. Injini yenye afya iliyopata moto huonyesha takriban inchi 17 hadi 21 za zebaki usawa wa bahari, na hupungua kama inchi moja kwa kila mita 300 unazopanda. Sindano inayoruka kwa mdundo ni vali au silinda iliyochoka. Ipime kompresheni kabla ya jambo jingine.

Baada ya kuziba kila uvujaji ndipo skrubu iguswe. Ile inayozuia bawa la throtoli iache, iliwekwa kiwandani. Inayorekebishwa ni skrubu ya hewa ya pembeni, kwa magari yaliyo nayo. Injini iwe na joto kamili, kiyoyozi na taa zimezimwa, feni ya rejeta imesimama, usukani umenyooka. Kwenye injini za Mitsubishi 4G63 za mwanzo wa miaka ya 1990 unaunganisha kwanza na bodi ya gari waya wa kurekebishia muda wa moto na ule wa utambuzi, ili kompyuta iache kuingilia, kisha unazungusha nusu mzunguko kwa zamu hadi ufike karibu na mizunguko 750. Ukifunga skrubu hadi mwisho na sailensi bado iko juu, kuna hewa inayopita mahali pengine. Katika injini hizo mshukiwa ni vali ya nta inayopashwa na maji ya rejeta. Maji yakipungua au yakishika hewa, nta haipati joto na vali inabaki wazi. Toa hewa kwenye mfumo wa maji kabla hujanunua chochote. Koili za vali ya sailensi yake zisome omu 28 hadi 33. Iliyofanya shoti huweza kuunguza sehemu ya kompyuta inayoiendesha, na kompyuta za kipindi hicho zinajulikana pia kwa kapasita zinazovuja, basi fungua kompyuta uitazame kabla ya kuweka vali mpya.

Thibitisha pia kwamba kompyuta inajua throtoli imefungwa. Swichi au sensa ya throtoli isipotoa ishara hiyo, kompyuta haitadhibiti sailensi hata kila kitu kingine kikiwa sawa. Mwisho chomoa betri kwa muda ili kompyuta isahau ilichojifunza wakati wa ubovu, kisha iache injini iungurume bila kukanyagwa hadi feni iwake mara mbili.

Unaponunua, geji ya presha ndiyo ya kukaguliwa kwanza. Mashine isiyo nayo haikuambii kama mfumo umezibika vizuri, wakati yenye geji huonyesha sindano ikipanda pale uvujaji wa mwisho unapozibwa. Kisha angalia vizibo. Vile vya kujazwa hewa hupasuka upesi kwenye mdomo wenye kingo kali. Vya umbo la koni vya mpira mgumu hudumu, ila hakikisha kikubwa kabisa kinafika milimita 90, kwa sababu mipira ya turbo ni mipana kuliko inavyodhaniwa. Waya za betri ziwe nene na zenye fyuzi. Ukimaliza kazi iache pampu iendelee kwa dakika kadhaa koili ikiwa imezimwa, kisha ihifadhi ikiwa imesimama wima, maana ikilala oili huingia kwenye pampu na siku nyingine itakutemea oili kwenye manifoldi.