Kuinua sakafu ya sinusi kabla ya kupandikiza meno: tathmini ya huduma ya kliniki moja ya Lubumbashi

Kliniki ya meno ninayoizungumzia iko katikati ya mji wa Lubumbashi, ni ya binafsi, na jina lake naliacha kwa kuwa nina mambo mawili matatu ya kuilaumu na sipendi kumharibia mtu biashara yake. Huduma niliyoipata hapo ni ya kuinua sakafu ya sinusi, yaani upasuaji unaotangulia kupandikiza meno ya nyuma ya taya la juu pale mfupa uliobaki unapokuwa mfupi mno kukishika kipandikizi, ile skrubu inayobeba jino la bandia. Kwa kazi ya mikono ya daktari sina neno. Hata hivyo, nimetoka na msimamo kwamba mgonjwa asiipime kliniki ya namna hii kwa viti vipya wala kwa picha za meno meupe zilizobandikwa ukutani, bali kwa yale anayoelezwa kabla ufizi haujakatwa.

Juu ya magego ya taya la juu, kila upande wa pua, kuna uwazi wenye hewa ndani ya mfupa, na huo ndio sinusi. Gego likishang'olewa, mfupa uliokuwa ukilishikilia husinyaa kwa kukosa kazi, na sinusi nayo hutanuka taratibu kuelekea chini, kiasi kwamba baada ya miaka kadhaa kinachobaki kati ya mdomo na uwazi huo huweza kuwa bamba jembamba tu. Kwetu hapa wengi tuling'olewa meno ambayo pengine yangetibika, kwa sababu kung'oa ndiko kulikokuwa kwepesi kwa mfuko, na leo tunapotaka kipandikizi tunaambiwa kwamba skrubu ya titani haina pa kujikita. Taya la chini halina tatizo hili la sinusi, kwa hiyo aliyepoteza magego ya chini pekee asikubali kuuziwa upasuaji huu.

Hatua ya vipimo ndiyo iliyonipa imani na daktari. Nilikwenda na picha ya panorama, yaani eksirei ya taya zima, iliyopigwa kwingine, akaitazama, akasema inatosha kwa kuanzia mazungumzo tu, kwa sababu inaonyesha taya kana kwamba limelazwa kwenye karatasi, bila upana wa mfupa na bila kuonyesha vizuri hali ya utando uliotandazwa ndani ya sinusi. Akaagiza skana ya taya ya pande tatu. Majibu yalipofika, aligeuza skrini ya kompyuta upande wangu, akavuta mstari kutoka ukingo wa ufizi hadi sakafu ya sinusi, na namba ikajitokeza pembeni ya mstari: milimita tatu na kitu. "Mama, kipandikizi cha kawaida kina urefu wa milimita nane, kumi, hata kumi na mbili," akasema. "Hiki nikikiweka leo, kitaingia chumbani kwa hewa." Mgonjwa ambaye hajaonyeshwa namba yake mwenyewe kwenye skrini ana haki ya kusita.

Namba hiyo ndiyo inayoamua njia ya upasuaji. Mfupa uliobaki ukiwa kati ya milimita 5 na 8 hivi, mara nyingi daktari huweza kupitia tundu lile lile la kipandikizi, akausukuma utando juu taratibu na kupenyeza mfupa kidogo. Njia hiyo ilielezwa na daktari wa Marekani, Robert Summers, mwaka 1994. Ukiwa chini ya hapo, kwa kawaida hufunguliwa dirisha dogo ubavuni mwa taya, upande wa shavu, njia ambayo Hilt Tatum aliianzisha katika miaka ya 1970 na ambayo Boyne na James waliichapisha mwaka 1980. Ya pili ni nzito zaidi, hugharimu zaidi, na shavu huvimba zaidi. Ndiyo niliyofanyiwa.

Nilidungwa ganzi, nikabaki macho muda wote. Sikusikia maumivu, isipokuwa mgandamizo na mtetemo wa chombo kilichokuwa kikisaga mfupa, na huo mtetemo haupendezi. Dirisha likishafunguliwa, kazi inayobaki ni ya subira: utando wa sinusi, ambao kwa watu wengi haufiki unene wa milimita moja, hubanduliwa kutoka kwenye mfupa na kuinuliwa bila kuchanwa, kama mtu anayemenya yai na kutaka ngozi yake ya ndani ibaki nzima. Nafasi inayopatikana chini yake hujazwa chembe za mfupa, dirisha likafunikwa, ufizi ukashonwa.

Kuchanika kwa utando huo ndiyo hitilafu inayotokea mara nyingi kuliko zote katika upasuaji huu, na haimaanishi lazima kwamba daktari ni mzembe, kwa kuwa kuna sinusi zenye kuta za mfupa ndani zinazofanya kazi kuwa ngumu hata kwa mkono mzoefu. Swali la kumuuliza mapema ni hili: utando ukichanika, utafanya nini? Daktari wangu alijibu pasipo kukereka kwamba mpasuko mdogo huzibwa kwa kipande cha kolajeni, kitambaa cha protini ya wanyama, na kazi ikaendelea, ila ukiwa mkubwa, hufunga jeraha na kumwambia mgonjwa arudi baada ya miezi kadhaa. Jibu hilo la pili ndilo nililotaka kulisikia. Daktari asiyewahi kufikiria kusimama katikati ya kazi ananitisha kuliko yule anayekiri kwamba huenda akasimama. Niliuliza pia kuhusu umeme, kwa kuwa tunajua tunaishi wapi, nikaonyeshwa jenereta na betri zinazoshika kazi mara moja, pamoja na mashine ya kutakasia vifaa kwa mvuke.

Kuhusu asili ya mfupa, hapo kliniki ilizembea. Chembe zinazopandikizwa huweza kutoka mwilini mwa mgonjwa mwenyewe, kwa mfano kidevuni au nyuma ya taya la chini. Huweza kutoka kwa binadamu aliyejitolea. Huweza kuwa madini ya mfupa wa ng'ombe yaliyosafishwa hadi yakabaki bila nyama wala mafuta. Au zikatengenezwa kiwandani kwa fosfati ya kalsiamu. Zipo pia bidhaa za nguruwe, hasa katika vitambaa vya kolajeni vya kufunikia dirisha. Katika mji wenye Waislamu, Waadventista na watu wengine wenye miiko yao, ni ajabu kwamba fomu ya ridhaa niliyowekewa mbele haikuwa na hata mstari mmoja juu ya jambo hilo. Nilipouliza ndipo nikaambiwa kwamba wanatumia ya ng'ombe. Nawasifu kwa jambo moja: kibandiko cha kichupa, chenye jina la bidhaa na namba ya toleo, kilibanduliwa na kubandikwa kwenye kadi yangu. Mgonjwa akidai kadi hiyo na kuitunza, daktari mwingine wa mji mwingine ataweza kujua siku za usoni ni kitu gani kimo ndani ya taya.

Sasa bei. Kiasi nilichotajiwa siku ya kwanza, kwa dola, kilikuwa cha upasuaji peke yake. Skana ilikuwa mbali, chembe za mfupa mbali, kitambaa cha kufunikia mbali, dawa mbali, na kipandikizi chenyewe pamoja na jino la juu yake vilikuwa vya mwaka mwingine na bajeti nyingine. Kila kimoja kilijitokeza kwa wakati wake dirishani kwa karani wa malipo, ambaye, nieleze tu, alinirudishia noti kwa mchaniko usiofika nusu ya ukucha. Sisemi kwamba bei ilikuwa ya wizi, kwa kuwa vifaa hivi huagizwa kutoka nje. Nasema kwamba profoma, yaani hati ya makadirio ya bei, inapaswa kuandikwa tangu siku ya kwanza, hatua kwa hatua hadi jino la mwisho, ili mtu ajue kama ataweza kumaliza anachokianza.

Mwisho wenyewe uko mbali. Mfupa uliopandikizwa kupitia dirisha la ubavuni mwa taya huhitaji kati ya miezi 4 na 9 kukomaa kabla ya kipandikizi kuwekwa, kisha kipandikizi nacho husubiriwa miezi 3 hadi 6 kabla ya kubebeshwa jino. Ambaye mfupa wake uliobaki unatosha kukibana kipandikizi vizuri huweza kuwekewa vyote siku moja, na hivyo kuokoa miezi kadhaa. Mtu wa mkataba mfupi kule migodini Kolwezi, au anayejiandaa kuhama, aipige hesabu hiyo mapema.

Maelekezo ya baada ya upasuaji yalikuwa mazuri kwa mdomo na mabaya kwa maandishi. Karatasi niliyopewa ilikuwa ya Kifaransa kitupu, katika mji ambao mama wengi wanaokaa chumba cha kusubiria husoma Kiswahili kwa wepesi zaidi, na mambo yaliyomo si ya kubahatisha. Kwa wiki mbili hivi mgonjwa hapaswi kupenga kamasi, akipiga chafya, aifungulie mdomo, asinywe kwa mrija, asivute sigara. Sababu ni moja, kwamba shinikizo la hewa puani linaweza kuusukuma utando na kuhamisha chembe zilizowekwa. Kwa sababu hiyo hiyo safari ya ndege huahirishwa, jambo zito kwa mtu wa Lubumbashi mwenye shughuli Kinshasa. Mpiga tarumbeta wa fanfare, bendi ya kanisa, naye aseme mapema, maana karatasi ile haikumfikiria. Bukari (ugali) laini ya uvuguvugu, ikitafunwa upande mwingine, haina shida.

Majira nayo yana uzito wake. Kuanzia Mei hadi Septemba tuna vumbi na baridi ya asubuhi, na mafua hayakosekani nyumbani. Daktari alikataa kunipasua nikiwa na pua iliyoziba, akanipangia tarehe nyingine, nami namheshimu kwa hilo. Uvimbe wa shavu hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, na damu kidogo puani au chembe mbili tatu zikitoka na kamasi si lazima ziwe balaa. Usaha wenye harufu, homa, au maumivu yanayozidi pale yalipotakiwa kupungua, hayo hayasubiri Jumatatu. Kliniki hii ina namba ya usiku, niliijaribu, na aliyepokea alikuwa muuguzi aliyelijua faili langu.

Wenye sukari isiyodhibitiwa, wenye sinusiti (uvimbe wa sinusi), waliowahi kupigwa miale ya tiba ya saratani kichwani au shingoni, na wanaotumia dawa za kuimarisha mifupa za kundi la bisfosfonati waseme yote kabla ya lolote, hata kama hawajaulizwa.

Nyota nne kati ya tano, na iliyokosekana ni ya mazungumzo kuhusu njia nyingine. Vipo vipandikizi vifupi vya milimita 6 hivi ambavyo kwa baadhi ya wagonjwa huondoa kabisa haja ya kugusa sinusi, na mimi nilielezwa kwa nini havikunifaa. Lakini daraja linaloshikizwa kwenye meno ya jirani lilitajwa pale tu nilipoliulizia, na meno ya kuvaa na kuvua hayakutajwa kabisa, ingawa mzee mmoja tuliyekaa naye chumba cha kusubiria, aliyetaka tu kutafuna mchopo, nyama ya kuchoma, tena kabla ya Krismasi, hayo ndiyo yangemfaa.