Unguja mpaka London: Doha, Addis au Istanbul? Nimepita kote, hivi ndo ninavyochagua

Kila ikimalizika Idi simu yangu haitulii, fulani mwanawe kamtumia nauli, fulani viza yake ishatoka, na wote suala lao moja tu, da nipande ndege gani. Voisi noti za dakika sita sita zimenichosha kwa hiyo leo naandika yote hapa, anayetaka asome.

Mie London nimekwenda mara nne. Mara ya kwanza kupitia Dar kwa tiketi za kuungaunga, kisha Addis na Ethiopian, kisha Doha na Qatar, na mwaka jana Istanbul na Turkish. Mara mbili katika hizo nilikuwa na mama, mtu wa Wete kule Pemba, miaka sabini na kitu, magoti yanamsumbua. Hili la mama naomba mlishike maana ndo lililonibadilisha kabisa namna ya kuchagua ndege.

Nianze na ile ya Dar. Wakala mmoja wa mjini alinipigia hesabu nikaona nimepata, tiketi ya Dar mpaka London ilikuwa rahisi kwa laki tatu na nusu kwa kila mtu kuliko kuanzia Unguja. Sasa watu wawili ni laki saba, nani asifurahi. Ndege ndogo ya Pemba mpaka Dar akatukatia tiketi mbali, shirika jengine, nambari ya buking nyengine, hakuna kinachounganisha. Na ilikuwa Aprili, masika yenyewe. Tumekaa kiwanja cha Chake mvua inapiga, ndege haijafika, saa zinakwenda, mama ana kikapu chake cha vileja mapajani kakishika kwa mikono miwili kama mtoto. Mpaka tunatua Dar na kukimbilia jengo la ndege za nje, kaunta ishafungwa. Ndege bado ipo, naiona kwa macho yangu kwenye kioo, lakini yule kijana wa kaunta akaniambia kwa adabu zake zote, dada kaunta inafungwa saa moja kabla, na kwetu sisi nyinyi hamjatokea. Mama akaniuliza, "Sasa twenda wapi mwanangu?" Sikuwa na jibu. Tukalala gesti, kesho yake nikanunua tiketi mpya kwa bei ya kununua siku hiyo hiyo, na pesa ile sitaki hata kuikumbuka maana ilitoka kwenye akiba ya kumalizia paa la nyumba.

Yule wa ndege ndogo sikumdai kitu, mvua haina mwenyewe. Shirika la safari ndefu nalo kwa sheria zao hawakukosea. Kosa lilikuwa kwenye tiketi mbili. Ukiwa na tiketi moja, yaani buking moja kutoka unapoanzia mpaka unapoishia, ndege ya kwanza ikichelewa ukaikosa ya pili ni juu yao kukupandisha inayofuata, na begi linakwenda moja kwa moja mpaka mwisho. Ukiwa na mbili, kila mmoja anakujua kwa kipande chake tu. Na jambo jengine ambalo watu wengi hawalijui, tiketi ikiwa moja usithubutu kuruka kipande cha kwanza. Kuna jamaa alikuwa na tiketi ya kuanzia Unguja, akawa yuko Dar kwa shughuli zake, akasema si ndege ile ile nitaidakia mbele, kufika kaunta akaambiwa safari yote ishafutwa pamoja na ya kurudi, kwa sababu kipande cha kwanza hakupanda.

Kwa hiyo siku hizi cha kwanza ninachotazama ni kama safari inaanzia hapa hapa kiwanja cha Karume. Tangu lile jengo la tatu lianze kazi hatuna tena sababu kubwa ya kuvuka bahari kufuata ndege, na mwenye kujua kusi inavyokuwa mwezi wa 7 anajua boti ikichafukiwa na bahari hakuna wa kumlalamikia. Wanaopenda Emirates wajue kwetu haitui, inatua Dar, ila flydubai inatua Unguja na hao wawili wanauziana tiketi, unaweza kupata buking moja ukaunganisha Dubai. Hapo angalia kitu kimoja tu, flydubai pale Dubai inatumia majengo mawili, la 2 na la 3, na la 2 liko upande wa pili wa kiwanja, kwa hiyo muda wa kubadilisha ndege usiwe wa kubana.

Sasa haya ya Doha, Addis na Istanbul. Watu wanafananisha bei na chakula, mie nafananisha umbo la safari. Addis ni mguu mfupi kisha mrefu, kama saa mbili na nusu hadi tatu halafu karibu saa nane. Doha ni miguu miwili inayokaribiana, saa sita kasoro halafu saba. Istanbul ni mrefu kwanza, saa saba na kitu, halafu nne. Jumla inakaribiana lakini mwili hausikii sawa hata kidogo.

Ukiwa peke yako, mzima wa afya, Addis ni nzuri sana wallahi. Nilifika Bole, kiwanja chao cha Addis, usiku, nikapanda ile ya usiku wa manane, nikala, nikalala usingizi mmoja mpaka wanawasha taa za chai na London hiyo chini asubuhi. Usingizi haukukatwa. Mabegi nilikuwa nayo mawili ya kilo 23 kila moja, na kwa sisi tunaobebeshwa na ukoo mzima hilo si dogo. Ila chukua sweta mkononi, usiliweke kwenye begi kubwa. Addis iko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, usiku kuna baridi ambayo mtu wa Unguja haijui, na mie nilishuka na baibui jepesi na ndala. Hio miinuko ndo iliyokuwa ikifanya baadhi ya ndege za Ethiopian za Marekani zisimame njiani kutia mafuta wakati wa kwenda, hewa kule juu ni nyepesi na ndege iliyojaa mafuta na watu inapata tabu kunyanyuka, wakati wa kurudi zinakuja moja kwa moja.

Mama lakini hawezi saa nane za kukaa. Si uvivu, damu. Shirika la Afya Duniani lilishasema tangu 2007 kwamba safari ya kukaa zaidi ya saa nne inaongeza karibu mara mbili hatari ya damu kuganda miguuni, hatari yenyewe ni ndogo kwa mtu mzima wa afya lakini kwa mama wa miaka sabini mwenye magoti mabovu na pressure mie sichezi. Kwa hiyo yeye nikampeleka Doha, nusu njia anashuka, ananyoosha miguu, anatia udhu kwa nafasi, anasali, tunaendelea. Tulikuwa na saa tatu na nusu na zilitutosha barabara. Pale katikati ya kiwanja kuna sanamu kubwa la dubu wa manjano mwenye taa kichwani, mama alisimama mbele yake muda mrefu akaniambia mpige picha niwapelekee wajukuu, na ile picha ndo iko kwenye simu yake mpaka leo.

Na kiti cha magurudumu! Jamani waombeeni wazee wenu kiti cha magurudumu, ni bure, unaomba unapokata tiketi au angalau siku mbili kabla, usisubiri kufika. Kuna herufi zao, muambie wakala aziandike sawa. WCHR ni anayeweza kupanda ngazi mwenyewe lakini hawezi masafa marefu, WCHS ni asiyeweza ngazi, WCHC ni asiyeweza kutembea kabisa mpaka abebwe kwenye siti. Mama tulimuandikia WCHS. Alipokewa mlangoni mwa ndege kila tuliposhuka na mie nikifuata nyuma, na foleni ya pasipoti tukapitishwa pembeni. Mama mwanzo alikataa, akaona kama anaitwa mgonjwa. Alipofika Heathrow, kiwanja cha London, akaona ule ukumbi, akanyamaza, akashika mkono wa yule kijana anayemsukuma akamuombea dua.

Istanbul nitasema machache. Kiwanja ni kikubwa mno, kutoka geti hadi geti ni mwendo wa haja, na mwenye mzee asipange saa moja na nusu pale hata kama mtandao unamuuzia. Ila kwa anayekwenda miji midogo ya Ulaya ambayo Doha na Addis hawafiki, Turkish wanakwenda kwingi kuliko wote na utapata tiketi moja mpaka mlangoni. Na ukiwa na saa sita hadi ishirini na nne za kusubiri wana matembezi ya mjini ya bure, mie niliona msikiti wa Sultan Ahmed kwa siku hiyo na nilirudi na wakati bado upo. Uliza kama pasipoti yako inahitaji viza ya kutoka nje ya kiwanja.

Hilo la viza lina watu wake. Jirani yangu mwanawe yuko Toronto, akapata bei nzuri ya kupitia New York, kidogo alipe. Marekani hakuna kupita njia tu, hata unabadilisha ndege lazima uingie uhamiaji kwa viza yao na begi ulichukue mwenyewe. Ethiopian inatoka Addis kwenda Toronto, akachukua hiyo.

Sasa saa. Hapa nawaomba muwe makini kuliko kote. Addis, Doha na Istanbul zote saa yao ni sawa na yetu, huna haja ya kuhesabu, Dubai na Maskati wako mbele saa moja. Tatizo ni tiketi kuandikwa kizungu na ndege nyingi kuondoka baada ya saa sita za usiku. Mtoto wa mjomba wangu alikuwa na tiketi ya Ijumaa, 00:50. Yeye kasoma Ijumaa, usiku, basi Ijumaa baada ya isha akaanza kufunga mabegi. Ndege yake ilikuwa ishaondoka karibu siku nzima nyuma. Na bibi yake alishamwambia tangu Jumatano, usiku wa Ijumaa ndo Alhamisi ikichwa, maana kwao siku inaanza magharibi, na bibi alikuwa sahihi kuliko simu zetu zote. Ikiwa saa yako ni kati ya 00:00 na 05:00, andika kwenye karatasi uibandike ukutani: uwanjani naenda jioni ya siku ya nyuma.

Ndege yenyewe pia naitazama, inaandikwa kwenye buking. Ikiwa ni Boeing 787 au Airbus A350 nafurahi, siti za mstari mmoja ni tatu tatu tatu, na hewa ya ndani wanaiweka kama uko futi 6,000 badala ya 8,000 za ndege za zamani, kichwa hakiumi sana na koo halikauki vile. Kwenye Boeing 777 ya siti tatu nne tatu nahakikisha mama yuko siti ya njiani, karibu na choo lakini si mbele yake hasa, mlango unapigwa usiku kucha.

Chakula wote watatu sina ugomvi nao, na anayepita shirika la Ulaya aombe chakula cha Kiislamu siku moja kabla, herufi zake MOML. Vyakula vyetu sisi ndo viangalieni. Achari, asali, samli, mchuzi wa nazi, vyote wanavihesabu maji maji, na chochote kinachozidi mililita 100 kwenye mkoba wa mkononi kinatupwa kwenye ukaguzi, hata pale pa kubadilishia ndege. Nimeona chupa ya achari ya embe ya mama ikiingia pipani Doha, aliipika siku mbili.

Jambo la mwisho la pesa, kwa wanaorudi kutoka Uingereza. Sheria yao iliyotokana na ile ya Ulaya nambari 261 ya 2004 inamlinda kila anayeondokea Uingereza, shirika lolote liwe, na masafa ya mpaka huku kwetu ukifika umechelewa zaidi ya saa nne kwa kosa lao, si hali ya hewa, fidia ni pauni 520. Binamu yangu ndege yake ya kwanza ilichelewa London kwa ubovu wa mashine, akaikosa ya pili, akafika Unguja kachelewa masaa kumi na moja. Kwa kuwa tiketi ilikuwa moja, ucheleweshaji ulihesabiwa mpaka Unguja. Aliandika barua pepe tatu, alitunza bodingi pasi zote mbili, wakamlipa. Hizo karatasi msizitupe jamani.

Mwezi wa 6 nampeleka tena mama, inshaallah. Doha tena, tiketi moja kutoka Karume mpaka Heathrow, nimelipa zaidi ya bei niliyoiona Dar na sijuti. WCHS ishaandikwa, siti ya njiani nishaichukua. Kutoka Wete atakuja siku tatu kabla alale kwangu. Vileja vinakwenda mkononi kama kawaida yake, achari mara hii inaingia begi kubwa, nimeshamnunulia madumu ya kifuniko cha kukaza.