Uzoefu wangu na Nintendo Switch kama konsoli ya familia, na hizi habari za gemu tunazofuatilia

Niseme mapema ili asiyetaka kusoma yote asipoteze muda: kama unatafuta konsoli, yaani mashine ya gemu, ya kucheza na watu wa nyumbani kwako, yaani mwenza wako, watoto, bibi yao, shemeji aliyekuja kusalimia akakaa wiki, Switch bado ndo jibu langu, hata hii ya zamani iliyotoka Machi 2017. Kwa nguvu imeachwa mbali sana, picha zake ukiziweka pembeni ya PlayStation 5 unaona tofauti hapohapo bila kuambiwa, ila mimi sikununua nguvu. Nilitaka kitu ambacho mtu asiyejua hata kontrola inashikwaje anakaa, anacheza na mtoto wa miaka 12 na hadhalilishwi. Kwa hilo sijaona mpinzani wake.

Gemu inayochezwa zaidi kwetu ni Mario Kart 8 Deluxe, ya mashindano ya magari. Ni ya Aprili 2017 na mpaka leo haijatoka kwenye mashine, ilianza na njia 48 za mashindano afu wakaongeza nyingine 48 za kulipia, wakawa wanazitoa kwa awamu mpaka Novemba 2023 zikatimia 96, kwahiyo kuchoka njia labda utake mwenyewe. Lakini wingi wa njia siyo kilichonifanya niandike hapa. Kuna kitu kidogo ambacho watu wengi wanakipita bila kukiona: ukifika pale pa kuchagua gari, bonyeza kitufe cha kujumlisha (ukiwa na kile kipande cha kontrola cha kushoto peke yake basi ni cha kutoa), kinafunguka kidirisha chenye alama ndogondogo chini. Alama moja inalizuia gari lisitoke barabarani, nyingine inaliendesha mbele lenyewe hata kama hujabonyeza mafuta. Ukiwasha ile ya kwanza gari linaota kaantena nyuma, na kila ukitaka kuchepuka kaantena kanawaka, gari linarudishwa njiani. Kila mchezaji anawasha au anazima ya kwake bila kuwagusa wengine. Ndo maana mama mkwe wangu ana antena, kitinda mimba ana antena na pia gari linajiendesha, mume wangu na mtoto mkubwa hawana kitu, na wote tuko kwenye shindano moja, skrini imekatwa vipande vinne, kelele mpaka majirani wanajua leo ni Jumamosi.

Ina bei yake lakini. Antena ikiwaka haikuachii upite njia nyingi za mkato, inakurudisha barabara kuu hata kama wewe ulikuwa unajua unachofanya, kwahiyo mtu akishakua kidogo kimchezo anaona inambana. Mama mkwe sasa anaizima mwenyewe kwenye njia anazozijua, kwenye ile ya upinde wa mvua anairudisha, hataki mchezo na kuanguka.

Afu kuna vile visanduku vya njiani vya kukupa silaha, navyo vimepangwa kwa akili. Ukiwa wa kwanza unapewa sarafu na maganda ya ndizi, ukiwa wa mwisho unapewa lile kombora linalokubeba mzima mzima likupitishe wenzako watano sita, na kuna lile gamba la bluu linalomfuata anayeongoza popote alipo. Mtoto wangu mkubwa analilalamikia kila siku, anasema ni wizi, mtu amecheza vizuri anaadhibiwa. Kwa mashindano ya wataalamu naweza kumwelewa. Kwa sebuleni hapana! Bila gamba la bluu angeshinda yeye kila raundi na kufikia ya tatu angekuwa anacheza peke yake, wengine tumeshaondoka. Na dawa ipo, ile honi ukiwa nayo ukaipiga kwa wakati gamba linapasuka, sasa amejifunza kuitunza honi badala ya kulia.

Mimi na mume wangu gemu yetu ni It Takes Two. Hii ilitoka 2021, ilitengenezwa na studio ya Hazelight ya Josef Fares, na mwaka huohuo ikachukua gemu bora ya mwaka kwenye tuzo za The Game Awards, kwenye Switch ikaingia Novemba 2022. Huwezi kuicheza peke yako hata utake, lazima muwe wawili mwanzo mpaka mwisho. Hadithi ni ya mke na mume wanaotaka kuachana, wanajikuta wamegeuka vidoli vya mtoto wao, wanahangaika kurudi kwenye miili yao. Uzuri wake ni kwamba kila sura mnapewa vitu tofauti na hakuna anayeweza kusonga bila mwenzake: kuna mahali mmoja ana misumari na mwingine ana nyundo, mwenye misumari anairusha ukutani, mwenye nyundo anajining'iniza kwenye ule msumari kuvuka shimo, sasa mwenye misumari akichelewa sekunde moja au akiuita urudi mapema, mwenzake anaanguka. Hapo ndo utajua ndoa yako ikoje, mimi sisemi zaidi. Kingine, mmoja akiinunua mwenzake aliye mbali anaweza kupakua toleo la rafiki bila malipo na mkacheza wote, dada yangu tunacheza naye hivyo japo anaishi mbali. Watoto wadogo hapana kwa hii, Ulaya wameipa alama ya umri wa miaka 12 na kuna tukio moja la mdoli wa tembo ambalo hata mimi mtu mzima niliumia, nilitaka kuzima.

Overcooked, ile ya kupika pamoja, tunayo pia, ni nzuri, ila inatugombanisha kuliko kutufurahisha kwahiyo inatoka siku za wageni tu.

Sasa vifaa. Kontrola za Switch zinachomoka pembeni, zikichomolewa kila moja inakuwa ya mchezaji mmoja, kwahiyo siku ya kwanza tu watu wawili wanacheza bila kununua kitu. Kwa mikono ya mtoto ziko sawa kabisa, kwa mtu mzima ni ndogo na vile vitufe vya juu vinajificha, vivalishe vile vipande vya kamba vinavyokuja kwenye boksi, vinavinyanyua kidogo. Kaa mbali na Switch Lite kama lengo ni familia maana kontrola zake hazichomoki na haiungwi kwenye TV. Pia ujue kuhusu ugonjwa wa kijiti cha kuongozea kwenye kontrola kwenda chenyewe bila kuguswa, umesemwa sana mpaka mwaka 2020 rais wa Nintendo, Shuntaro Furukawa, aliomba radhi mbele ya wanahisa. Za kwetu zilizokuja na mashine bado zinatii. Iliyotuumiza ni ya ziada ya kampuni nyingine, siitaji, ilianza kwenda kushoto yenyewe kabla hata stika haijabanduka, na dukani wakatuzungusha mpaka tukachoka. Na jambo moja wenye watoto watambaao watalipenda: kadi za gemu zimepakwa kitu kichungu makusudi mtoto asimeze. Wa kwetu alilamba moja, sura aliyoikunja sitaisahau, na hakurudia.

Udhibiti wa wazazi unafanyika kwa programu ya simu, unaweka dakika kwa siku na unaona kila gemu imechezwa muda gani. Unaweza kuchagua muda ukiisha mashine itoe onyo tu au isimamishe gemu palepale. Mimi nimeacha onyo. Kusimamisha gari kwenye raundi ya mwisho mtoto akiwa wa pili ni kujitafutia vita usivyoviweza.

Sasa kwanini mama mwenye kazi na nyumba nafuatilia habari za gemu? Nilianza kwa kujilinda tu, maana watoto wanasikia kila kitu shuleni, wanarudi na tetesi zimeshakuwa ukweli. Sasa imekuwa starehe yetu. Zamani kulikuwa na lile onyesho kubwa la E3 kila mwaka, lilifungwa rasmi Desemba 2023, sasa kila kampuni inarusha lake mtandaoni: Nintendo wana Direct, Sony wana State of Play, Xbox nao wana lao, afu mtangazaji wa gemu Geoff Keighley anaendesha Summer Game Fest mwezi wa 6 na tuzo za The Game Awards mwezi wa 12. Direct ikitangazwa kwetu kila mtu anaandika utabiri wake kwenye karatasi kabla haijaanza, anayepatia vingi anachagua gemu ya usiku huo. Mtoto wa kati aliandika Silksong kila karatasi, miaka, mpaka ikawa utani wa ukoo mzima, gemu ilitangazwa Februari 2019 ikatoka Septemba 4, 2025, na siku hiyo watu walivamia maduka ya mtandaoni mpaka mengine yakazimia. Alivyotuangalia siku ile, loh!

Faida ya pili ni ya mfukoni. Tumekubaliana hatulipii gemu kabla haijatoka, hata treila ikiwa tamu vipi, na treila isiyoonyesha mtu anacheza haihesabiwi kabisa. Mfano ninaowapa ni Cyberpunk 2077: Desemba 2020 wakaguzi walipewa toleo la kompyuta tu kabla ya kutoka, wakaisifia, waliocheza kwenye PlayStation 4 wakakutana na kitu kingine kabisa, na haikupita muda Sony wakaitoa dukani kwao mpaka Juni 2021. Kwahiyo swali letu ni, huyu mkaguzi aliicheza kwenye mashine gani? Kama siyo ya kwetu tunasubiri.

Na GTA VI, ile gemu ya uhalifu, ndo usiniulize. Ilikuwa itoke 2025, ikasogezwa Mei 26, 2026, ikasogezwa tena Novemba 19, 2026, na mtoto mkubwa kila ikisogezwa anakuja kuniambia kwa huzuni kama vile mimi nilikuwa nimemkubalia. Ile iliyopita ilipewa 18, na hii ataisubiri mpaka afike. Hizo namba kwenye kasha za Ulaya ni 3, 7, 12, 16 na 18, na watu wengi wanadhani ni kiwango cha ugumu. Siyo ugumu, ni kilichomo ndani: damu, matusi, kamari. Kuna gemu ya 3 itakayokutoa jasho mpaka ukate tamaa, na kuna ya 18 ambayo mtoto wa darasa la pili angeimaliza kirahisi.

Switch 2 ilitoka Juni 5, 2025 na sisi hatujahama. Inacheza gemu nyingi za Switch ya kwanza kwahiyo maktaba haipotei, na inaweza kuirushia Switch ya zamani iliyo karibu baadhi ya gemu mkacheza wote kwa nakala moja, hilo ndo linanivuta zaidi kuliko picha kali. Kinachonisimamisha ni zile kadi za ufunguo, yaani unanunua kadi halisi lakini gemu yenyewe haimo ndani, kadi inakupa ruhusa tu ya kuipakua na kila ukicheza lazima iwe imechomekwa. Kama intaneti yako ni ya kusuasua au nafasi kwenye mashine ni finyu, shika boksi usome maandishi ya chini mbele kabla hujafika kaunta, maana wameyaandika wazi kabisa, ila watoto wakishaona picha ya juu hakuna anayesoma.