Niliagiza Rahma, Nikaletewa Tumbusi

Kazi yenyewe ni nzuri, niliseme hilo kabla hasira hazijanipanda. Ubao wa jahazi kuukuu, matundu ya misumari bado yaonekana, herufi za Kiarabu za mtindo wa thuluthi zimechongwa zikainuka, rangi ya nili, na nukta za shaba zilizokazwa kwa skrubu. Nilimwagizia mama yangu, utundikwe mlangoni kwake Mkomani, Lamu. Neno moja tu: Rahma, yaani rehema. Arbuni nilitoa bila kuvutana.

Ulifika siku chache kabla ya Maulidi, juu ya punda, umeviringwa gunia. Mama akavaa miwani, akapitisha kidole polepole. Akanyamaza. Kisha akasema, "Mwanangu, hii ni khe."

Kweli. Juu ya herufi he palikuwa na nukta. Na nukta hiyo moja yaitoa rahma ikawa rakhama, yaani tumbusi, ndege wa mizoga. Mlangoni kwa mama yangu!

Nilikwenda kwa fundi siku ile ile. Hakuomba radhi. Alinitazama juu hadi chini, akasema, "Mama, hii ni sanaa, si msahafu. Pale palikuwa patupu, pakataka kitu." Maneno hayo yananichoma mpaka leo. Tena akanitajia eL Seed, yule Mfaransa mwenye asili ya Tunisia, achoraye ukutani na kutengeneza sanamu za khati, yaani sanaa ya mwandiko wa Kiarabu. Mimi pia namjua! Mwaka 2016, kule Cairo, alitapanya herufi kwenye majengo karibu 50 ya mtaa wa Manshiyat Nasr. Ukiwa chini waona vipande vya rangi tu. Ukipanda jabali la Mokattam vyote vyakutana, maneno yakamilika. Amezikunja herufi apendavyo, lakini neno hakulipoteza.

Na fundi wetu angeziacha nukta zote, kama waandishi wengi wa Kufi ya kale, ule mwandiko wa Kiarabu wa zamani, nisingefungua kinywa. Lakini kupachika ya uongo! Katika khati nukta ndiyo kipimo, urefu wa alifu wenyewe wahesabiwa kwa nukta. Wazee wa Siyu, kisiwani Pate, walinakili misahafu kwa mkono, herufi kwa herufi, leo sisi wa huku huku tuambiwe nukta ni ya kuzibia patupu?

Akataka nimwongeze pesa aitoe. Nikageuka nikaondoka. Nilichukua bisibisi nikaitoa mwenyewe, pakabaki tundu.

Nilikusudia kuipa kazi hii nyota moja. Ila jua la asubuhi likiupiga ubao ule, mkia wa re waangusha kivuli kirefu ukutani, na mama huketi hapo na kahawa yake akiutazama. Hataki uondolewe. Basi nyota tatu. La, mbili, kwa sababu ya ule mdomo. Mkono wa fundi yule nauheshimu, na huenda nikamwagiza tena, lakini nitamwandikia neno mwenyewe na kumsimamia mpaka skrubu ya mwisho. Nukta yake ninayo. Akija kuomba radhi kwa mama, nitamrudishia.