Daktari wa Meno Aliyekataa Kung'oa Gego la Mama

Nimeichelewesha tathmini hii kwa wiki sita kwa makusudi, kwa kuwa nilitaka kwanza nione ufizi wa mama umetulia. Kliniki ninayoizungumzia iko ghorofa ya pili ya jengo moja kando ya Barabara ya Ngong jijini Nairobi, upande wa Adams Arcade.

Mama ana umri wa miaka 67 na anatibiwa maieloma, saratani ya damu inayoanzia kwenye uboho na kuila mifupa. Humeza lenalidomidi siku 21 katika kila mzunguko wa siku 28, pamoja na aspirini kidogo kwa sababu lenalidomidi huongeza hatari ya damu kuganda mishipani, na kila baada ya wiki nne hutundikiwa dripu ya asidi ya zoledroniki ili mifupa isivunjike. Gego lake la chini lilipotoboka na kuanza kumnyima usingizi, tulikimbilia kwanza kliniki nyingine, ambako hakuna aliyeuliza anatumia dawa gani. Sindano ya ganzi ilikuwa tayari kwenye trei nilipoitaja dripu ile, nikajibiwa kwamba akiiacha mwezi mmoja hapatakuwa na shida. Tukaandikiwa na ibuprofeni, ambayo daktari wake wa damu alikwisha kumkataza kwa ajili ya figo. Tuliondoka jino likiwa bado linauma.

Daktari huyu wa pili alianza na mkoba. Alimwomba mama atoe dawa zote, akazipanga mezani, akavaa miwani na kusoma pakiti moja moja huku akiandika majina, vipimo na tarehe ya dripu ya mwisho. Kisha akatueleza, kwa Kiswahili ambacho mama alikifuata neno kwa neno, kwamba asidi ya zoledroniki hushikamana na mfupa na kukaa humo kwa miaka, hivyo kuisimamisha mwezi mmoja hakuitoi. Na kwamba jino likishang'olewa, hasa la taya la chini, pengo linaweza kukataa kufunga, mfupa ukabaki wazi na kufa. Ndiyo maana mgonjwa hukaguliwa meno na mabovu yakatibiwa kabla ya dripu ya kwanza. Sisi hatukuambiwa hivyo, na bado linaniuma.

Siku hiyo hakuligusa jino. Alimpigia simu daktari wa damu tukiwa tumeketi pale pale, wakakubaliana kwamba aspirini isikatizwe, mama apimwe damu, na badala ya kung'oa, mzizi wa jino usafishwe na kuzibwa. Chembe za kugandisha damu zilikuwa 96,000 kwa kila maikrolita, chini ya kawaida inayoanzia 150,000, lakini juu ya 50,000, kiwango ambacho chini yake madaktari wengi wa meno husita hata kung'oa. Chembe nyeupe zinazopambana na bakteria nazo zilitosha. Baada ya siku nne kazi ikafanyika kwa saa moja na nusu. Alipofunga ule mpira wa kuzuia mate, aliishikiza klipu kwenye jino lenyewe, akainama na kioo chake kidogo kuhakikisha kwamba haikuubana ufizi. Kwa maumivu alimwandikia parasetamoli.

Tulilipa shilingi 19,000, pamoja na picha ya taya nzima, na risiti ilieleza kila kitu. Nyumbani tulikuja na barua ya ukurasa mmoja kwa daktari wa damu, ambayo sasa imo katika faili la mama.

Kasoro ninayoiona ni kubwa kwa wagonjwa wa aina hii: lifti ilikuwa imeharibika siku zote mbili, na mama, ambaye mifupa ya mgongo wake ni dhaifu, alipanda ngazi akipumzika kila kona. Nilipolalamika mapokezi, niliambiwa kwamba mgonjwa asiyeweza ngazi anaweza kupiga simu mapema, daktari akashuka kumwona katika chumba cha chini kwa ukaguzi wa kwanza. Pigeni simu hiyo, na mbebe majibu ya damu ya karibuni zaidi.